Nyumba Iliyopimwa na Mzee Ndani

3 Septemba, Jumanne

Mwalimu wa darasa la jioni amesema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka theluji ya kwanza. Atahesabu kurasa lakini hatasoma. Hasara ni yake, maana kati ya watu kumi na wawili tunaotafuta cheti cha sekondari ukubwani, mwenye la kusema ni mimi. Naitwa Rollie Vondrasek, nina miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la kumi na moja, au yenyewe ndiyo iliniacha, inategemea unamuuliza nani.

Nilidhani nitakosa cha kuandika. Leo wakati wa chakula cha jioni Baba kaweka uma chini, kajifuta mdomo, kasema, "Tunahamia Texas."

Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Mama hakuinua kichwa, kwa hiyo alikuwa anajua. Babi aliendelea kupaka mkate siagi. Babi ni mama yake Baba, na nyumba hii ni yake. Babu aliijenga kwa mikono yake na akafa ndani yake, kwenye chumba ambacho sasa nalala mimi.

"Kuna nini huko?" nikauliza.

"Kule hakuna kodi ya mapato," akasema Baba.

Nikasema mimi sitoki Illinois. Mama akaniambia nipitishe viazi. Kodi ya mapato inanimegea karibu senti tano kwenye kila dola, na tangu nianze kazi haijawahi kunikera kama Baba alivyonikera leo kwa dakika moja.

4 Septemba

Bado nina hasira.

9 Septemba, Jumatatu

Nimeliona daftari. Ni la manjano, aina ile Baba anayoandikia wateja wake, maana yeye ni fundi wa matanuru ya kupasha joto nyumba. Kila ukurasa kaupiga mstari katikati. Kushoto Illinois, kulia Texas. Kodi ya mapato, kodi ya nyumba, kodi ya mauzo, bima, umeme, petroli, maziwa, mayai.

Bei za kulia anazipata kwa simu kutoka kwa baba mdogo Wendell, aliyehama miaka minne iliyopita. Sasa ana magari matatu na anatengeneza viyoyozi. Kila jioni wanapigiana.

"Mayai dazeni?" anauliza Baba.

Huko Wendell anajibu, Baba anaandika.

"Ya kuku wakubwa au wadogo?"

Anaandika tena.

"Baba," nikamwambia, "muulize na kuku wenyewe kama wanalipa kodi ya mapato."

Akafunika simu kwa kiganja. "Wewe siku ukilipa bili ya umeme humu ndani, utaruhusiwa kuchekesha watu."

Sawa. Nitakumbuka.

14 Septemba

Mvua. Hakuna anayevuna. Nililala mchana.

21 Septemba, Jumamosi

Mavuno yameanza kwa nguvu. Malori yamepanga foleni mpaka barabara kuu, na mimi niko kwenye kibanda cha mzani cha ghala la nafaka la mzee Tiedemann. Huu ni msimu wangu wa pili. Tiedemann alikuwa anataka mtu mwenye cheti, nikamwambia mahindi hayasomi vyeti.

Kazi ni hivi. Lori linakuja limejaa, linapanda juu ya mzani, naandika uzito. Linamwaga mahindi, linarudi tupu, naandika tena. Toa la pili kwenye la kwanza, unapata mahindi. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Ambacho mtoto wa darasa la tatu hakiwezi ni kumkamata Vern Kessler.

Kessler ni mkulima mwenye tumbo kama pipa. Lori likiwa limejaa anakaa ndani, ametulia, kofia usoni. Likirudi tupu anashuka, eti ananyoosha miguu. Kwa hiyo kila safari anatuuzia mahindi yake na kilo zake. Msimu uliopita alitufanyia hivyo wiki nzima kabla sijamshtukia, na kabla yangu alimfanyia hivyo Tiedemann miaka mingapi hatujui.

Leo nilifungua dirisha. "Bwana Kessler, nimekununua mara tatu tangu asubuhi. Ghalani hamna nafasi. Rudi kwenye lori nikuuze."

Madereva kwenye foleni walicheka mpaka honi zikalia. Kessler akapanda, akasema mimi ni mtoto mshenzi. Huenda. Lakini mzani ukawa sawa.

27 Septemba, Ijumaa

Nimempeleka Babi ofisi ya wilaya. Kila mwaka anajaza fomu ya wazee, ile inayofanya kodi ya nyumba isipande. Nilimjazia mimi kwa sababu macho yake hayataki maandishi madogo. Umri, kipato, jina la mwenye nyumba, je unaishi humo.

Jirani yetu wa kushoto ana nyumba kama yetu, pacha kabisa, analipa elfu nne na mia mbili. Sisi tunalipa elfu moja mia tisa na arobaini. Sikujua hivyo. Nilidhani ni ukarimu wa serikali, jambo ambalo lingekuwa jipya.

"Hii fomu ikiacha kuja je?" Babi akamuuliza karani. "Siku nikifa, au nikiuza?"

"Punguzo linaondoka na wewe, Bibi. Halibaki na nyumba."

"Basi nitazikwa nalo," akasema Babi. "Kuna kitu kimoja nitaondoka nacho."

Ndani ya gari nikamuuliza kama anataka kuhama. Akasema hakuna aliyemuuliza. Nikasema, si mimi hapa ninakuuliza? Akasema, "Wewe huna hati ya nyumba, Rollie. Wenye maneno ndio hawajaniuliza."

4 Oktoba, Ijumaa

Baba na Mama wamerudi kutoka Texas. Siku tatu tu, Mama kaungua pua.

Wamepata nyumba. Matofali, vyumba vinne, mti wa pekani, zile njugu za kwao, uani. Mwenyewe ni mzee mmoja, Tolleson, anahamia kwa binti yake. Lakini Baba hakutuonyesha picha za nyumba kwanza. Alituonyesha picha ya karatasi. Dalali alimwachia bili ya kodi ya mwaka jana, Baba akaipiga picha, na sasa anaitembeza kwenye simu kama mtu aliyepata mjukuu.

Dola mia sita na kumi na mbili. Kwa mwaka.

"Soma," akaniambia.

"Mia sita na kumi na mbili."

"Sasa nitajie ya hapa."

"Elfu moja mia tisa na arobaini."

"Jumlisha na kodi ya mapato, elfu tatu, utoe ile ya Texas. Nambie naacha kiasi gani hapa kila mwaka."

Nikamwambia elfu nne, mia tatu, ishirini na nane, kabla hajafika kwenye kikokotoo chake. Hakunisifu. Aliandika jibu, akalipigia mstari mara mbili.

Mama alimletea Babi boksi la kolache. Hizo ni keki ndogo za Wacheki, katikati jamu ya plamu au jibini tamu, na Babi huzioka kila Krismasi kama mama yake alivyokuwa anazioka. Wendell amekuwa akisema miaka yote kwamba Texas nako Wacheki wamejaa, Babi hatakuwa mgeni.

Babi akaimega moja. Akachungulia. Akaiweka chini.

"Kuna soseji humu ndani."

"Kule wanapenda hivyo, Babi," akasema Mama.

"Wanaita kolache?"

"Ndiyo."

Babi akafunga boksi na kulisukuma kwa kidole mpaka ng'ambo ya meza.

5 Oktoba

Babi leo asubuhi, akinywa kahawa, bila kuulizwa: "Soseji."

12 Oktoba, Jumamosi

Nimerudi kazini nimekuta kibao kwenye nyasi. INAUZWA, na uso wa dalali wa hapa akitabasamu. Kimechomekwa pale pale Babu alipozika mbwa wetu.

Niliuliza nani karuhusu. Baba akasema ni kibao tu, kuuza kunasubiri sahihi ya Babi, na Babi atasaini. Nikasema mimi nina kazi hapa. Akasema Wendell atanichukua kama mwanafunzi wa ufundi, haulizi cheti. Nikasema sitaki kumbebea Wendell ngazi. Akasema, "Rollie, hapa unafanya nini?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kuupokea mkono wa dalali.

Nimeupiga teke ukuta wa gereji. Ukuta mzima, kidole sijui.

16 Oktoba

Kidole ni cheusi.

19 Oktoba, Jumamosi

Baba ameweka sahihi kule Texas, kwa njia ya simu, ameketi chooni, nina uhakika maana nilimsikia. Bei laki tatu na elfu kumi na tano. Pesa za Babi zitakazotoka kwenye nyumba hii zinakwenda zote, na juu yake mkopo wa miaka thelathini. Baba ana hamsini na moja. Hesabu hiyo ijumlishe mwenyewe.

Kule wana desturi nzuri lakini. Mnunuzi analipa dola mia mbili, anapewa siku kumi za kujifikiria. Ndani ya siku hizo anaweza kujitoa bila kutoa sababu, anapoteza mia mbili zake tu. Zikipita, kajifunga. Zinaisha tarehe ishirini na tisa, saa kumi na moja jioni.

Nilimuuliza Baba anajifikiria nini. Akasema anafikiria rangi ya jikoni.

23 Oktoba

Malori tisini na manne. Sina mikono.

24 Oktoba

Malori mia na mawili. Wendell kapiga simu kuniambia ninunue buti nyepesi. Nilikata.

26 Oktoba, Jumamosi

Andiko hili litakuwa refu na mwalimu asiponisoma ni dhambi.

Kessler alikuja saa nne. Lori limejaa, katulia ndani. Likarudi tupu, akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini, akaniona ninamtazama. Alicheka. Mimi pia nilicheka. Akabaki vile, mguu nje mguu ndani, na namba kwenye kioo changu ikawa inacheza juu na chini, juu na chini, kama haijui lori hili ni zito kiasi gani.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya yule karani. Punguzo linaondoka na wewe, Bibi.

Nikaacha kucheka. Kessler akasema, "Umemeza nzi?"

Baba amepima ile nyumba na mzee akiwa ndani. Mia sita na kumi na mbili si kodi ya nyumba. Ni kodi ya Tolleson. Sisi tutaipima ikiwa tupu.

Nilitaka kupiga simu Texas saa ile ile, lakini Jumamosi ofisi zimefungwa. Mpaka Jumatatu sitakuwa na raha, kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Sikumwambia Baba. Nilitaka kwenda nikiwa na namba. Ukimwendea Baba bila namba ni bora uende na maua.

28 Oktoba, Jumatatu

Mchana, nyuma ya ghala, sikio moja likiwa limezibwa na kelele za mashine ya kukausha mahindi, nilipiga simu ofisi ya kukadiria nyumba ya wilaya ile. Mama mmoja akapokea, sauti kama asali iliyokaa juani.

"Nisaidie kitu, mama. Kuna nyumba tunanunua." Nikamtajia namba na mtaa.

"Ya bwana Tolleson. Nyumba nzuri, mwanangu. Nimekula pekani za mti ule."

"Bili yake ni mia sita na kumi na mbili."

"Hiyo ni yake yeye. Ana miaka themanini na nane na alikuwa jeshini. Imegandishwa tangu ana sitini na tano."

"Akihama?"

"Barafu inahama naye."

"Na sisi?"

Nikamsikia akibofya. Alisema haniahidi, lakini kwa bei ile tuweke elfu sita na mia nne. Nikamwambia nina bibi wa miaka sabini na tisa. Akasema tukimwandika kwenye hati na akikaa humo, itashuka mpaka karibu elfu nne na mia nne, na itabanwa hapo. "Lakini itabanwa hapo, si kule chini aliposimama bwana Tolleson. Na ni kwa muda anaoishi humo."

"Watu wanajua haya?"

"Wanajua, mwanangu. Mwezi wa kwanza baada ya kuhamia."

Namba zangu nikaziandika nyuma ya risiti ya mzani. Jioni nikamngojea Baba avue buti.

Alisikiliza. Kwa kweli alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimepiga simu."

"Dalali kanipa karatasi ya serikali. Wewe unanipa risiti ya mahindi."

"Dalali anataka kuuza. Mimi nataka nini?"

"Unataka kubaki hapa ulale mpaka saa sita."

"Ninaamka saa kumi na moja alfajiri tangu Septemba. Uliwahi kuniona?"

"Darasa la kumi na moja," akasema Baba, taratibu, kama anahesabu misumari. "Mtoto ameshindwa kumaliza darasa la kumi na moja, leo ananisomea sheria za Texas mezani kwangu."

"Meza ni ya Babi," nikasema.

Mama akasema, "Rollie." Baba akatoka nje kwenye gari lake, akakaa humo bila kuwasha injini.

Daftari alilisahau mezani. Nikalivuta ili nimsahihishie ile mia sita na kumi na mbili kwa kalamu nyekundu. Nikageuza ukurasa. Nikageuza tena. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mayai, chini ya bima ya gari, kulikuwa na jina langu.

Rollie. Upande wa Texas: dola ishirini na mbili kwa saa, Wendell. Upande wa Illinois: sifuri.

Nimekaa na sifuri ile muda mrefu. Ilikuwa ya duara nzuri. Alikuwa ameikolezea.

Mtu huyu amepiga simu maili elfu moja kuuliza bei ya mayai. Kuku wakubwa au wadogo. Mimi nakaa naye meza moja, napitisha viazi.

29 Oktoba, Jumanne. Siku ya kumi.

Niliomba ruhusa saa nane. Tiedemann akaniambia nina saa mbili, na kama Kessler atauza tumbo lake nisipokuwepo, atalikata kwenye mshahara wangu.

Nyumbani Baba alikuwa jikoni na daftari, macho mekundu, kumbe asubuhi naye alikuwa amepiga simu Texas. Hakuniambia. Niliona tu ile mia sita na kumi na mbili imekatwa, na juu yake elfu sita na mia nne, kwa mwandiko wake. Yule mama wa asali hakumdanganya.

Nilitegemea aseme pole. Badala yake akageukia upande wa Babi, aliyekuwa anamenya tufaha, na sauti yake ikawa ya mtu anayeuza bima.

"Mama, kuna njia. Tunaandika jina lako kwenye hati ya kule. Inakuwa elfu nne na mia nne. Toa kodi ya mapato ambayo hatulipi, bado tunapata faida. Dola mia tano na arobaini kwa mwaka."

"Nani anapata?"

"Sisi sote."

"Kwa sababu mimi nipo humo."

"Ndiyo, Mama. Kwa sababu upo."

Babi akamaliza tufaha lote kwanza. Ganda lilitoka refu, halikukatika. Halafu akanitazama mimi, si yeye.

"Rollie, yule mkulima wako mwenye tumbo. Hufanya nini vile?"

"Anakaa kwenye lori likipimwa limejaa. Likipimwa tupu anashuka."

"Eh." Akamgeukia Baba. "Leland, umenipandisha kwenye lori. Vizuri, nimepanda, naongeza uzito. Nikishuka je?"

Baba akageuza ukurasa.

"Nina miaka sabini na tisa," akasema Babi. "Nitashuka. Mkopo wako una miaka thelathini. Nikishuka ile elfu nne inakuwa ngapi?"

"Mama, usiongee hivyo."

"Nakuuliza hesabu, sikuulizi kama unanipenda. Hapa nikishuka mtalipa kama jirani, elfu nne na mia mbili, nyumba haina deni, na unajua kila bomba lake. Kule nikishuka?"

Saa ya ukutani ilikuwa inasema kumi kasoro dakika ishirini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Nilikuwa na maneno kumi na tano ya kumchoma Baba, niliyapanga njiani tangu ghalani, mazuri kweli kweli, na sikulitumia hata moja. Alikuwa anatazama daftari lake kama mtu anayetazama tanuru alilolifunga mwenyewe na halitaki kuwaka.

"Hamkuniuliza," akasema Babi. "Mlipima mayai, mlipima petroli. Mimi mlikuja kunipima leo, na ni kwa sababu mlipungukiwa. Sisaini, Leland. Si huko, si hapa."

"Wendell alisema utafurahi," Baba akasema. Hii ndiyo iliyonishinda. Alisema kwa sauti ya mtoto.

"Wendell anakula soseji kwenye kolache," akasema Babi.

Mimi ilinibidi nirudi kazini. Mama kaniambia Baba alimpigia dalali saa kumi na dakika arobaini na saba. Zilibaki dakika kumi na tatu. Zilizopotea ni zile mia mbili tu.

30 Oktoba

Hakuna anayesema na mwenzake. Malori themanini.

2 Novemba, Jumamosi

Kibao kimeng'olewa. Kimeacha mashimo mawili, nimeyajaza udongo kwa sababu ya mbwa.

Wendell alipiga simu. Baba aliweka sauti nje kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya.

"Kwa hiyo umeogopa," Wendell akasema.

"Nimehesabu."

"Si ulishahesabu."

"Nimehesabu tena."

"Nasikia kichwa kipya cha ukoo ni Rollie. Yule wa sifuri."

Kwa hiyo walikuwa wakiiongelea. Sifuri yangu ilikuwa imesafiri maili elfu moja na kurudi, mimi nikiwa nimekaa hapa. Nilimngojea Baba aseme neno. Alisema, "Nina kazi, Wendell," akakata. Si neno lenyewe, lakini alikata.

Nilidhani nitajigamba wiki nzima. Nimeokoa nyumba, Mungu anajua nimeiokoa, bila cheti. Lakini nikitaka kujigamba naiona ile duara, naghadhibika upya.

6 Novemba

Baba ametengeneza tanuru letu. Miaka sita linagonga usiku kama mtu anaomba kutolewa, na kila msimu anasema mwakani. Leo alikaa nalo saa tano chini ya nyumba. Sasa halina sauti. Silali vizuri.

11 Novemba

Baridi. Maneno mawili kutoka kwa Baba: "Funga mlango."

16 Novemba, Jumamosi

Lori la mwisho liliingia saa tano asubuhi. La Kessler, nani mwingine. Alishuka likiwa limejaa na akashuka likiwa tupu, kwa heshima yangu, akanivulia kofia. Tiedemann akazima taa za foleni, akanilipa, akanishika bega, akasema tuonane Septemba.

Nilikuwa nafagia kibanda nilipoliona gari la Baba linapanda mzanini. Kumbe Tiedemann alimwita kutazama hita ya kibanda, inayonuka moshi. Hakuna njia nyingine ya kufika hapa ila kupita juu ya mzani.

Alisimama. Aliangalia namba kwenye kioo, kisha mimi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Nishuke?"

"Shuka."

Akashuka. Namba ikaanguka pauni mia mbili na ishirini. Mzani wetu haujali kitu chini ya pauni ishirini, kwa hiyo labda ni mia mbili na kumi, sikutaka kumdhulumu. Nilimchapia risiti mbili, ya kwanza na ya pili, kama mteja. Alizisoma zote mbili, akatoa moja kwenye nyingine kwa midomo, bila sauti. Baba si mjinga. Ndiyo maana nilikasirika hivi.

Alitengeneza hita. Nilimshikia tochi. Alipomaliza alifuata daftari la manjano garini amwandikie Tiedemann bili, akageuza kurasa kutafuta iliyo wazi, na akasimama kwenye ile ya mwisho. Nilijua ni ile kwa sababu nilishaijua kona yake ilivyokunjika.

Nje ilikuwa imeanza kitu chepesi cheupe, si theluji hasa, lakini mwalimu hawezi kubisha.

"Hapa," akasema, bila kuniangalia, "wanakulipa kiasi gani?"

"Kumi na saba na nusu."

"Kwa saa?"

"Kwa saa."

Akaikata sifuri. Hakuifuta, aliikata, mstari mmoja. Akaandika kumi na saba, akanyanyua kalamu.

"Na nusu?"

"Na nusu."

Akaandika na nusu.

Pesa yangu ya mwisho ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Mpaka Septemba mzani huu hautanihitaji, na kuanzia Jumatatu namba yangu upande wa Illinois ni ile ile aliyoikata sasa hivi kwa uangalifu wote ule. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Alikuwa amesimama pale na kalamu yake, anangoja, kama kuna kingine.

Sikumwambia. Imemchukua msimu mzima kuuliza swali moja. Akitaka kujua la pili, aulize.